Ndagala za Maman kule Mutanga

Wakati wetu, wenye mulikulia Buja, Bujumbura yetu, chini kwa ziwa munajua, harufu ya ndagala ndiyo ilikuwa saa yetu. Ikianza kunuka, jua limeshapanda. Mi masomo sikumaliza. Nilifika mwaka wa sita, tukashindana na hesabu, hesabu ikashinda. Basi Maman akanipa kazi ya kufukuza ndege ku vile visamaki vyetu. Ndege nao wakanishinda.

Kila nyumba ilianika ndagala zake pale pale, mu mchanga mumoja. Na sheria ilikuwa moja, hakuna mutu aliiandika: ukiona mvua inatoka ku milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, unapiga kelele, "Mvuaaa!" Kila mutu anatoka. Fundi wa vélo anaacha gurudumu la baiskeli, Mzee Saidi wa boutique anaacha mizani, wamama wenye waligombana asubuhi wanashika beseni moja. Hauulizi ni za nani. Unaokota zenye ziko karibu na mguu yako.

Siku moja mi, mujanja, nikaruka za jirani nikakimbilia zetu. Maman akaniona.

"We mutoto, macho yako iko wapi? Za Mama Chantal zinalowa!"

Nikaokota za Mama Chantal huku nalia. Zetu zikalowa nusu. Jioni Mama Chantal akaleta sahani, ndagala kavu kabisa, na bugali ya moto. Nikakula mpaka nikasahau nililia sababu gani.

Nikakua. Nikaanza kuuza mapièces, vipuri vya magari, nikajiona mukubwa. Ziwa nalo likapanda mpaka mlangoni kwa Maman, nikamuhamisha huku kwangu Mutanga Nord, juu ku kilima, nyumba ya choo ndani, na ukuta mrefu. Nilijipongeza mi mwenyewe, maana hakuna mwingine alinipongeza.

Wiki ya kwanza akaanika ndagala zake mu cour, uwanja wa nyumba. Mi nimekaa ku fauteuil, nikasikia:

"Mvuaaa! Mutoke, mvua!"

Nikachungulia. Maman amesimama ku portail, geti la nje, anaita mtaa muzima. Milango yote ya chuma, kimya. Jirani mumoja alifunga dirisha. Na mi, bwana mukubwa, nikafanya nini? Nikasema, "Maman, wacha, unanipatisha haya."

 Akainama, akaokota yeye peke yake, kidogo kidogo, mvua inamupiga mugongoni. Mi nilikuwa na viatu mupya. Hakuanika tena.

Toka siku ile alikuwa ananiambia, "Unishushe kule chini kwa ziwa siku moja, niwaone tu kina Mama Chantal." Na mi: "Dimanche, Maman." Jumapili ikifika, kuna mupira ku télé. Dimanche yake haikufika. Maman alikufa akiningoja nivae viatu.

Watoto wangu, simu inawaambia mvua itanyesha saa ngapi na dakika ngapi. Jina la jirani, apana, hiyo simu haiwaambii. Sisi hatukuwa na simu, tulikuwa na Mama Chantal.

Juzi wingu likaja jeusi toka Congo. Sijui nini ilinishika, nikatoka mbio mu cour, nikapiga kelele, "Mvuaaa!"

Watoto wakachungulia dirishani, wanacheka. "Papa, unaanua nini? Hakuna kitu inje!"

Nikaangalia. Kweli, hakukuwa na kitu. Nikabaki nimesimama pale, nalowa.