Pini Zilizotembea

Mwenzangu na mimi tulikuwa tunashiriki meza moja ya kazi katika karakana yenye leseni ya kutengeneza bunduki hapa Eldoret, na hatukuwa tunasalimiana. Chuki ilianza siku alipomwambia Mama, mwenye karakana, kwamba natoka kazini mapema kwenda mazoezi ya kwaya. Haikuwa kweli. Tangu hapo nilimwita "huyo", naye akiniita "mwimbaji".

Asubuhi moja ya baridi, mkulima mmoja kutoka Soy aliingia na bunduki yake ya kulengea shabaha, ile inayojipakia yenyewe kila ukivuta traiga. Aliilaza mezani.

"Mliitengeneza hapa," alisema. "Sasa pini za traiga zinatembea. Nikipiga kidogo, moja inachungulia nje. Nani aliishika?"

Mwenzangu ndiye aliyeishika. Alinitazama mimi.

"Uliza yeye," akasema.

Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikaifungua. Klipu ndogo za waya zinazozuia pini zisitoke zilikuwa zimelegea, na zilikuwa na alama za koleo. Alikuwa amezipinda zibane badala ya kuweka mpya.

"Hizi ni za kutupa," nilisema.

"Pinda tena, zitashika," mwenzangu akasema. "Unaharibu pesa za Mama."

"Ulizipinda wewe, na ndizo hizi zimerudi."

Alinyoosha mkono azichukue. Nikaupiga ule mkono, si kwa mzaha. Klipu moja ikaruka ikapotelea chini ya kabati. Mkulima akaivuta bunduki upande wake kama mtu anayewatoa watoto karibu na moto.

"Mnapigana juu ya bunduki yangu?"

Mama alitoka ofisini. Hakupandisha sauti. Alimwambia mwenzangu aende nyuma, ambako Mama pia ana wachomeleaji wa mageti, na asirudi mbele mpaka aitwe. Mimi akaniambia, "Wewe maliza. Na ukome kunipigia watu."

Nilitia klipu mpya. Nilisukuma kila pini mpaka klipu ikakaa kwenye mfuo wake, nikazijaribu kwa kidole kutoka pande zote mbili. Nikavuta traiga mara kadhaa bunduki ikiwa tupu, nikaitikisa. Hazikusogea. Huko nyuma, mwenzangu alikuwa akitupa vyuma sakafuni kwa makusudi, kimoja baada ya kingine, ili nisikie.

Mkulima alizijaribu pini mwenyewe kwa muda mrefu. "Zikitoka tena nitawashtaki nyote wawili," akasema, akaondoka bila kuaga.

Hakurudi. Mwenzangu naye hakurudishwa mbele. Bado anachomelea mageti, na jioni tunapanda boda kwenye stendi moja, kwa kuwa sote twakaa Langas. Krismasi iliyopita alinisogelea hapo, mikono mifukoni, akasema, "Habari ya sikukuu?"

Niliisikia vizuri. Nilimwambia mwenye boda twende.

Dada yangu, ninayeishi naye, huniambia Mkristo hawezi kuishi hivyo. Ninamsikiliza, ninamwongezea chai. Lakini yeye hakuwa pale mezani, hakuona jinsi yule mtu alivyonitazama kabla ya kusema, "Uliza yeye."