Ukuta Uliopewa Kioo, Ukanyimwa Mfereji

Saa moja asubuhi, kengele ya kwanza bado haijalia, na fundi rangi wa shule ya sekondari ya kitongoji hiki anafuta kioo. Ana ndoo ya maji ya sabuni, gazeti kuukuu na uso usiotaka salamu ndefu.

Kioo chenyewe ni kirefu kuliko kitanda cha watu wawili. Kimefungwa kwenye fremu ya alumini, na juu yake zimetundikwa taa mbili ndogo za kupendeza. Nyuma yake hakuna picha wala kombe. Kuna ukuta uliolowa, wenye rangi zilizobanduka tabaka kwa tabaka.

Anafuta kutoka juu hadi chini, anarudi nyuma hatua moja, anatazama. Kioo bado kina ukungu. Anafuta tena, ingawa anajua fika kwamba ukungu uko upande wa ndani.

“Mkuu wa shule ameniambia sifuti vizuri,” anasema bila kugeuka. “Nimefuta mpaka mkono umekufa ganzi. Maji yako ndani, mimi niko nje. Sasa nifanyeje, nipige hodi?”

Wanafunzi wanamwita Mama Brashi. Alifika hapa akiwa msichana, kibarua wa kubeba maji ya kuchanganyia saruji wakati ghorofa la madarasa linajengwa. Fundi rangi wa wakati huo akamshikisha brashi siku moja msaidizi wake alipougua, na tangu hapo hakuiachia. Leo ana miaka hamsini na saba, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na mshahara ambao, kwa maneno yake, huisha kabla mwezi haujashtuka.

Ili kuielewa hasira yake, sharti kwanza uielewe shule.

Ilianza na madarasa manne kwenye uwanja wa nyasi, zamani hizo ambapo kitongoji kilikuwa na viwanja vingi kuliko nyumba. Wazazi walichoka kuwaamsha watoto gizani ili wawahi shule za mjini, wakabeba matofali wenyewe. Ni shule ya umma, iliyojengwa kwa wanafunzi mia tatu na sasa ina zaidi ya elfu moja. Haijawahi kutajwa redioni kwa matokeo mazuri, wala haijawahi kutajwa kwa aibu. Imetoa manesi, mafundi umeme, makarani na wauza duka wanaojua kuandika risiti bila makosa, na watu hao wanaipenda kwa namna ambayo mgeni hawezi kuielewa.

Ina tabia moja ya ajabu. Kila mkuu mpya akifika, kabla hajajua hata choo cha walimu kiko wapi, anabadilisha rangi.

Mkuu wa kwanza alipaka kijani. Wa pili akaleta bluu. Wa tatu, ambaye inaonekana hakuwahi kuishi na watoto, akachagua rangi ya maziwa. Wa nne akaja na damu ya mzee. Huyu wa sasa amepaka kijivu, na ukimuuliza atakuambia ni rangi ya kisasa.

Ndiyo maana hapa kitongojini huulizwi ulimaliza mwaka gani. Unaulizwa ulimaliza rangi gani. Kijani wanajiona ndio wenye shule, kwa sababu walisoma madarasa yakiwa hayana madirisha. Bluu hawachoki kusimulia makombe ya mpira. Maziwa walichapwa wote kwa alama za viatu ukutani, wenye hatia na wasio na hatia. Damu ya Mzee walifaulu kwa woga. Na saluni, mama anayejidai bado binti akiteleza tu akasema yeye ni Bluu, wenzake wanapiga hesabu kimyakimya na mazungumzo yanahamia kwenye nywele.

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha kama si ukuta wa korido ya chini.

Ghorofa lilipoezekwa, enzi za Bluu, korido ya chini ikiwa imeshapakwa kijani, fundi aliyefunga mfereji wa kupokea maji ya paa, ule ambao mafundi huuita gata, aliulaza kuelekea ukutani badala ya kuelekea bombani. Alilipwa, akaaga, akaenda zake. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliteremka ndani ya ukuta. Kilichokuwa bluu kikavimba na kubanduka kama ngozi ya aliyeungua.

Mama Brashi alikuwepo. Anasema alimwambia mkuu wa Bluu, naye akamjibu kwamba wapake kwanza, mfereji utashughulikiwa. Alimwambia wa Maziwa, akaambiwa wapake kwanza. Wa Damu ya Mzee alimkatiza kabla hajamaliza sentensi. Kila baada ya masika anakwangua, anapiga msasa, anapaka, na kila mwaka ukuta unamtemea rangi yake.

Tatizo si urembo. Upande wa pili wa ukuta huo ni darasa la kidato cha kwanza. Madawati ya nyuma yamesogezwa mbele hadi wanafunzi wanagusana viwiko, na msimu wa mvua darasa zima linakohoa. Mwalimu wa kemia, ambaye naye ni Bluu, anasema hajui kwa nini wanafunzi wanamwomba vifaa vya maabara ilhali darasa hilo linaotesha ukungu bila msaada wa mtu.

Na mwaka ujao, baada ya likizo, atakayeketi humo ni mjukuu wa Mama Brashi. Ni binti wa miaka kumi na mitatu ambaye bibi yake amemlea tangu mama yake alipohamia mbali kikazi. Ana pumu.

“Ananiambia, Bibi usijali, nitakaa kiti cha mbele,” anasema. “Mtoto mzuri. Lakini ukungu haujui kiti cha mbele.”

Mwaka huu shule ilitimiza miaka arobaini. Kamati ya sherehe iliundwa, ikakaa, ikanywa chai, ikaamua jambo la kwanza kabisa kuwa ni rangi. Mkuu wa shule akamwita Mama Brashi na kumwonyesha korido ambayo wageni wangepitia kwenda ukumbini. Alitaka ukuta ule uwe kijivu kimoja, safi, bila doa.

Mama Brashi alimwomba mfereji. Mkuu akamweleza, kwa upole kama Mama Brashi mwenyewe anavyokiri, kwamba wageni hawatapanda juu ya paa kukagua mfereji. Hapo ndipo mwanamke huyu ambaye hakuwahi kukataa kazi maishani mwake alipokataa.

“Nilimwambia, Mwalimu, mimi huo ukuta siupaki tena. Ukitaka nifukuze. Nimeudanganyia wakuu wanne, na wewe ukiwemo. Sasa basi.”

Alipoambiwa afikirie vizuri, alifikiria. Akachukua kisu chake kipana cha kukwangulia, akaushambulia ukuta ili amwonyeshe mkuu, kwa macho yake, kwamba plasta chini imeoza. Alianza na kijivu, akaingia damu ya mzee, akafika maziwa, bluu, kijani, mpaka saruji tupu iliyokuwa inatoa maji ukiibonyeza kwa kidole. Alikwangua hatua kwa hatua kama vidato vya ngazi, kila rangi ikibaki na mstari wake, kwa sababu ndivyo fundi anavyokwangua. Kisha akaenda kumwita mkuu, akaambiwa yuko kwenye kikao cha kamati.

Mkuu alibaki kwenye kikao hicho na vingine vilivyofuata hadi siku ya sherehe. Asubuhi ya siku hiyo mtu fulani aliona ukuta, akashika kichwa, akatundika pazia la jukwaani.

Pazia halikudumu. Mzee mmoja mnene, aliyekuwa akitafuta choo, alilifunua akidhani ni mlango. Walioshuhudia wanasema alisimama pale muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa bluu na kusema kwa sauti ya chini, hii ndiyo yetu. Mkewe, ambaye ni Maziwa, akaitafuta ya kwake. Baada ya muda mfupi korido ilikuwa haipitiki. Watu wazima walipanga foleni ya kupiga picha na rangi zao. Mwanamke wa Kijani, nesi mstaafu, alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Mgeni rasmi akaacha hotuba yake mezani, akaja kuhutubia koridoni. Alisema huu ndio moyo wa shule, historia isiyoandikwa na mtu, na kwamba ni lazima ihifadhiwe. Michango ikaanza pale pale. Mmoja akaahidi kioo, mwingine fremu, wa tatu taa. Mkuu wa shule, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo akisubiri kuumbuka, akatoka akitabasamu na kupokea pongezi.

Kisha wakamwita Mama Brashi mbele na kumpa kipaza sauti.

“Nikasema, ahsanteni sana. Ukuta umelowa. Naomba mfereji.” Anakamua gazeti. “Wakacheka. Wakapiga makofi. Walidhani nawachangamsha.”

Ndivyo ukuta ulivyopata kioo. Kwa kuwa maji bado yanaingia na sasa hayana pa kutokea upande wa korido, kioo kina ukungu, na yanayobaki yanatokea upande wa darasani kwa kasi mpya. Hata mtu angekaa akapanga namna ya kuharibu jambo makusudi, asingefika hapa.

Mkuu wa shule si mtu mbaya, na ni haki kumsikiliza. Ofisini kwake kuna viti viwili, kimoja kibovu, na anakaa kwenye kile kibovu ili mgeni apate kizima. Anaeleza kwamba rangi kwa idara ya elimu ni matunzo, hivyo huletwa bila maswali. Mfereji ni ujenzi. Ujenzi unahitaji mhandisi, mhandisi anahitaji gari, na gari la idara liko gereji. Ameomba tangu alipofika.

“Nikiomba rangi naletewa kesho,” anasema, akisugua macho. “Nikiomba mfereji naletewa rangi.”

Alipoulizwa kwa nini basi hakuwaomba wafadhili wa kioo watoe mfereji, aliangalia dirishani. Alijibu kwamba alijaribu. Mmoja alimuuliza jina lake litaandikwa wapi.

Mama Brashi alikuwa ameshalijua hilo kabla ya sisi waandishi kufika. Anasema mfereji hauna mtu wa kuukatia utepe, na hapo ndipo shida yote ilipo.

Kwa hiyo ameacha kuomba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ni fundi bomba. Jumamosi ya kwanza ya likizo watapanda juu ya paa wawili, walegeze vishikizo vya mfereji na kuulaza upande unaostahili. Shemeji anasema ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Imesubiri kutoka Bluu hadi Kijivu.

Alimwarifu mkuu, kwa sababu hapendi mambo ya kunyatia. Mkuu alitazama kalenda yake kwa makini na kusema kwamba Jumamosi hiyo ana harusi ya ndugu, atakuwa mbali kutwa nzima, na hajasikia lolote. Mama Brashi alipokuwa akitoka, mkuu akaongeza kwamba ngazi ndefu iko stoo na stoo huwa haifungwi.

Ukuta ukishakauka, Mama Brashi atapaka upande wa darasani. Wa korido hauwezekani tena, una kioo chake. Rangi amemwachia mjukuu achague, maana ndiye atakayeitazama mwaka mzima. Mtoto amechagua njano, rangi ambayo hakuna mkuu aliyewahi kuipaka.

“Mkuu hajui bado. Atajua,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unalegea.

Kengele inalia. Wanafunzi wanamiminika koridoni, wanamsalimu shikamoo bila kusimama, na anaitikia marahaba bila kuangalia ni nani. Anaokota ndoo yake, kisha anakumbuka kitu na kugeuka.

“Ukuta huu nimeupaka tangu nikiwa msichana. Kila rangi niliyoipaka hapa imekufa changa. Hiyo njano nataka niione ikizeeka.”