Tulipoandikiana "Sawa"

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu ndipo naona haya. Nakusimulia kwa sababu umenijia na uso wa mtu aliyetafuna ndimu, ukasema chuoni kwenu maabara zinakaguana, na wewe umepangwa kukagua ya profesa wako mwenyewe. Ukaniuliza, "Nyanya, nitamwambiaje mtu mzima yule kwamba amekosea?" Keti basi. Swali hilo lilinishinda mimi kabla ya mama yako kuzaliwa.

Miaka ya hamsini, mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha kule Uganda alifungua nyumba ndogo ya utafiti hapa Kisii, kando ya njia ya Nyanchwa. Watu waliiita nyumba ya chupa. Ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha pareto: humo maua makavu yalisagwa, yakaloweshwa katika mafuta mepesi kama petroli, yakapashwa moto taratibu ili ijulikane yana dawa ya wadudu kiasi gani. Kingine kilikuwa cha udongo, na hicho kilikuwa changu. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, najua kusoma, kuandika na kupima kwa mizani, na ungeniona ungedhani mizani yenyewe nimeiumba mimi.

Katika chumba cha pareto alikuwamo baba mkwe wangu, Mzee Onsongo. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe miezi michache tu, na mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho. Sasa wewe ni wa juzi, huijui chinsoni. Ni ile haya tuliyowekewa baina ya mtu na wakwe zake. Mokamwana, yaani mke wa mwana, hampi baba mkwe mkono, hamtazami machoni, wala haingii anapolala. Kumwambia kwamba amekosea, hilo hata ndotoni halikuja.

Daktari, ndivyo tulivyomwita mtafiti, akaleta utaratibu wake. Kila mwisho wa mwezi, wa udongo akague chumba cha pareto, na wa pareto akague cha udongo, kila mmoja na karatasi yake ya maswali ya usalama, kisha wote watie sahihi. Tulimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Nyumbani tulikuwa na egesangio: leo majirani wote wanalima shamba la huyu, kesho la yule. Tena kinyozi hajinyoi, na nyani naye haoni pale mahali pake, nisimalizie. Asichokijua Daktari ni kwamba amewapanga mokamwana na baba mkwe wake wakaguane. Hatukumwambia. Tungeanzia wapi?

Ijumaa ya ukaguzi wa kwanza ikafika. Mzee akatoka nje, nami nikaingia chumbani mwake nikitazama sakafu kama niliyepoteza sindano. Na huko huko sakafuni ndiko nilikoliona. Chini ya meza ya stovu kulikuwa na kopo la yale mafuta mepesi, na kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi, kama tunavyoziba vibuyu. Kizibo chake halisi kilikuwa kimepotea, na mzee akatumia akili ya nyumbani. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Karatasi yangu iliuliza: Vizibo vya makopo ni vizima? Nikafikiri, nikiandika hapana, mzee ataitwa na kuulizwa, na atajua ni mke wa mwanawe aliyemshtaki. Nikaandika: Sawa. Kwa mwandiko safi wa misheni, mwanangu. Uongo haujapata kuandikwa vizuri hivyo.

Zamu yake ilipofika, aliingia kwangu, akazunguka kama mgeni aliyeharakishwa, akaandika sawa kila mahali. Nikashukuru moyoni. Tukatia sahihi, Daktari akafurahi sana.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napima udongo niliposikia vuu, kisha chupa zikipasuka. Nilikimbilia mlango wa pili. Mzee alikuwa amewasha stovu, mvuke wa kopo lile ukadaka, na moto ulikuwa umetambaa sakafuni, ukamfungia kwenye pembe nyuma ya meza. Suruali yake ilikuwa inashika moto gotini. Aliniona, akafungua mdomo, akaufunga. Hata pale, mwanangu, haya ilimzuia kuniita.

Nikarudi mbio kuchukua ndoo yangu ya mchanga, ile inayowekwa kwa ajili ya moto. Nilipoinyanyua ikaja mkononi nyepesi kama kikapu kitupu. Mchanga nilikuwa nimeumaliza kusugulia vyombo, nikijiambia nitaleta mwingine. Kisha macho yakaangukia masinia ya udongo, kila moja na karatasi yenye jina la kijiji ulikotoka udongo, kazi ya Daktari ya miezi minne. Nikayabeba. Udongo wa Ikonge ulizima moto wa mguuni. Wa Magwagwa ulifungua njia. Nikaingia, nikamshika mzee mkono, ule mkono nisioruhusiwa kuugusa, nikamvuta hadi nyasini.

Alitoka na lengelenge moja la goti, bila nyusi, na nusu ya masharubu. Daktari alipofika alimshukuru Mungu kwanza. Halafu akaona udongo wake umechanganyika wote, akaketi chini kama aliyefiwa.

Alasiri ile mzee aliketi uani akiwa ametugeuzia mgongo. Mama mkwe, Kemunto, alikuwa akipepeta wimbi katikati yetu, kwa sababu maneno yetu yote yalipitia kwake.

"Mwulize mke wa mwanao," mzee akasema, "harufu ya kopo aliisikia?"

Mama mkwe akanigeukia, nami nipo hatua tatu tu, akarudia neno kwa neno.

"Mwambie baba niliisikia."

"Mwulize, basi kwa nini aliandika sawa?"

"Mwambie baba niliona haya."

Mzee akasema, polepole, "Mwambie na mimi niliiona ndoo yake haina kitu. Niliona haya kusema nimechungulia vyombo vya mke wa mwanangu."

Hilo mama mkwe hakulipitisha. Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo leo ningezika mtu," akasema, "na matangani niwaambie watu kwamba ameuawa na adabu? Chinsoni tuliwekewa ili tusivunjiane heshima. Maiti inavunjiwa heshima gani? Kama hamwezi kuambiana, uambieni ukuta, na mwenye masikio asikie." Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwezi uliofuata mzee alisimama mlangoni akinipa mgongo. Nikasema, "Ukuta, mpira wa stovu hii una ufa." Ukuta ukakohoa kizee, ukajibu, "Umesikika. Utabadilishwa leo." Alipokuja kwangu, akauambia ukuta wangu kwamba chupa ya tindikali imewekwa juu kuliko macho ya anayeishusha. Niliudhika, siwezi kukudanganya. Niliudhika mpaka saa ya chai, kisha nikaishusha. Daktari alituuliza kama tumeanza kusali, tukamjibu ndiyo.

Nyumba ile ya chupa haikushika moto tena mpaka ilipofungwa. Mzee aliishi miaka mingi, na kuhusu ule mkono hakusema neno. Uzee ulipomlaza kitandani aliniita, mama mkwe akiwapo. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono yeye mwenyewe. "Mkono wako huu," akasema, "ndio ulionipa miaka hii yote. Ungenipa na ulimi siku ile ya Ijumaa, ningebaki na masharubu yangu." Nikaushika, nikacheka na kulia pamoja.

Basi sikia, mwanangu. Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema inayo, na kinga yenyewe ni jicho la mwenzako pamoja na mdomo wake. Ukienda kwa profesa wako, mwamkie vizuri, inama ukitaka, lakini uliloliona liandike kama ulivyoliona. Ukipata njia ya adabu ya kusema, ishike. Ukiikosa, sema hivyo hivyo. Na zamu yake ikifika ya kukuambia wewe, ruhusa kuudhika mpaka saa ya chai, si zaidi. Sawa ya uongo ni ukatili uliovaa adabu.

Haya, nenda. Mungu akupe macho yasiyopitwa na kitu na ulimi usioogopa cheo. Vidole vyako vibaki kumi, pumzi yako iwe safi, na wote utakaofanya nao kazi warudi kwao jioni wakiwa wazima, wakute chakula moto na watu wao wakiwangoja.