Maiti Msumbufu wa Onyesho la Pili

Usiku ule nililala na daftari la Fizikia kifuani. Msinifikirie vibaya, sijawahi kuipenda Fizikia. Ila kurasa zake za nyuma ndiko ninakoficha vichekesho vyangu, maana hakuna mtu nyumbani kwetu anayeweza kulifungua lile daftari kwa hiari yake.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi alasiri ilikuwa siku ya Kipaza Wazi pale ukumbi wa kata, ambapo yeyote mwenye shairi, wimbo, igizo au ujinga wa kutosha hupewa jukwaa kwa dakika tano. Mimi huwa napanda na ujinga. Niko kidato cha tatu, na karibu kila mwalimu wangu amewahi kunitoa darasani, lakini wengi wao walinitoa huku wakificha tabasamu.

Shida ni kwamba daftari lilikuwa limejaa mistari ya kufuta. Vichekesho kumi na viwili, vyote nimevikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu vyote vilimhusu Bibi Agata, mama yake baba, na Bibi alikuwa ameshafariki. Zilibaki siku tatu kufika arobaini yake. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye alikuja kutoka mjini kwake kusimamia msiba na akakaa mpaka arobaini, alikuwa amenionya mezani: "Ukaseme lolote huko, lakini mama yangu usimguse. Marehemu hachekwi." Na Jumamosi alikuwa anakuja kuniangalia. Tena kiti cha mbele.

Sasa ili mnielewe, lazima mjue Bibi alikuwa nani pale ukumbini. Alikuwa maiti. Ndiyo nafasi aliyopewa kwenye igizo la kikundi cha mtaa, lile la ndugu wanaogombania shamba. Onyesho la kwanza mama yao anaugua. Onyesho la pili amekufa, kalazwa kwenye mkeka katikati ya jukwaa, kafunikwa kanga, wengine wanalia. Kazi rahisi kuliko zote duniani, na ilimshinda. Siku ya kwanza kabisa, yule aliyeigiza mkwe alipoanza kulia, maiti ikafunua kanga, ikakaa kitako, ikasema, "Mkwe halii hivyo. Mkwe analia huku jicho liko kwenye sufuria. Rudia hapo." Kisha ikalala, ikajifunika yenyewe. Ukumbi ulikaribia kuanguka. Kuanzia siku hiyo watu hawakuja kuangalia ugomvi wa shamba, walikuja kuona maiti itafufuka mara ngapi.

Na mimi nilipopanda na vichekesho vyangu, Bibi alikaa mbele kwenye kigoda chake alichotoka nacho nyumbani, maana viti vya kata aliviita mitego. Kicheko chake kilikuwa kama mashine ya kusaga inapowashwa. Kwanza kinakohoa. Kinakohoa tena. Watu wote wanageuka kumtazama, wanasubiri, halafu kinashika, na kikishashika hakuna anayejua tena kama anacheka kichekesho au anamcheka Bibi.

Ndiyo maana siku tulipomzika kweli, nilisimama nikalikodolea macho jeneza. Mama alidhani ni uchungu. Ulikuwepo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri akae kitako atusahihishe.

Hakukaa. Nikarudi nyumbani nikachukua kalamu nyekundu.

Basi usiku ule usingizi ukanichukua, nikajikuta chumba cha mtihani. Karatasi iko mbele yangu na swali ni moja tu: *Eleza kwa nini bibi yako amelala kimya. Alama mia.* Nataka kuandika, lakini nilichoshika mkononi si kalamu, ni mwiko. Msimamizi anapita kati ya madawati, viatu vinalia nyi, nyi, nyi. Namtazama, ni Baba Mkubwa, kavaa ile suti nyeusi ya siku ya mazishi, ile iliyofungwa kifungo kimoja kwa imani tu. Anapita. Dawati langu linakuwa refu, linakuwa benchi, ukuta wa mbele unalegea unakuwa pazia la kanga zilizoungwa, na mimi niko jukwaani ukumbi wa kata na mwiko wangu ndicho kipaza sauti.

Ukumbi umejaa. Wote wamejifunika mablanketi kama tunavyojifunika hapa Iringa mwezi wa sita, na wote nawajua. Yule fundi viatu wa kona, na misumari yake bado iko mdomoni. Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la tano, chaki nyuma ya sikio. Majirani ambao tulishawazika nikala pilau. Sikuogopa hata kidogo. Kitu pekee nilichokiwaza ni kwamba leo nina watu wengi na sina kitu cha kuwapa.

Naanza. Nawapa kichekesho cha kengele ya shule. Kimya. Nawapa cha maharage ya shuleni. Kimya. Mwalimu wa hesabu anatazama saa ambayo haina mishale. Ndipo naona kwamba katikati ya jukwaa, karibu na miguu yangu, kuna mkeka, na kwenye mkeka kuna mtu kafunikwa kanga, na kanga haifiki chini. Nyayo zile nazijua. Gumba la kulia limepinda, liligongwa na jembe kabla baba hajazaliwa.

Kanga ikafunuka. Bibi akakaa kitako.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa madai kwamba nilimpokonya babu. Akanitazama juu mpaka chini. "Mbona vichekesho vyako leo havina chumvi?"

"Nimekutoa humo, Bibi."

"Umenitoa nikaenda wapi?"

Nikautazama mwiko wangu. Mimi, ambaye nina jibu hata la maswali ambayo sijaulizwa.

Akanyanyuka, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, unanukia moshi na vitunguu. Tunashuka ngazi za jukwaa na ngazi zinatufikisha uani kwetu, mchana kweupe, siku ya msiba. Maturubai yamefungwa. Watu wamekaa safu, wameinamisha vichwa, kimya kama chumba kile cha mtihani. Mimi mwenyewe niko pale, nimesimama kando ya jeneza nikilikodolea macho, na Bibi ananitazama yule mimi wa pale, anatikisa kichwa. "Angalia lilivyosimama hilo, kama linasubiri gari."

Kisha akanyoosha kidole langoni.

Nje ya lango amesimama Mzee Kihwele. Huyu ni Mhehe, na sisi ni Wangoni, kwa hiyo ni mtani wetu, na yeye na Bibi walitukanana kila asubuhi kama watu wanavyokunywa chai. Bibi alimwambia babu zake walitufundisha kukimbia kwa kutangulia mbele. Yeye alimwambia Bibi kwamba atamzika kwenye shimo la viazi ili apate wenzake wa kuongea nao. Siku Bibi alipokufa, Mzee Kihwele alifika na mfuko. Mtani msibani ana kazi yake: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anamsema mbele ya waombolezaji mpaka aliyekuwa analia aanze kucheka huku analia. Lakini Baba Mkubwa alikuwa na wakubwa wa ofisini kwake chini ya maturubai. Alimfuata langoni akamwambia kwa adabu kwamba huu ni msiba wa watu wastaarabu. Mzee Kihwele hakubishana. Aliondoka na mfuko wake.

Hayo yalitokea kweli, niliyaona. Ila ndotoni haondoki. Amesimama tu pale, siku thelathini na saba, na mfuko mkononi.

"Yule nimemtukana miaka yote ili aje anizike vizuri," Bibi akasema polepole. "Mkamwacha nje."

Upepo unapita na uani tena si uani, ni ukumbi, na wale wenye mablanketi wote wanatutazama. Bibi amekaa kwenye kigoda chake, mbele kabisa. Anafungua mdomo acheke. Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Haikushika. Akajaribu mara ya tatu, akashika kifua, akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

"Huku hatuanzi sisi," akasema. "Mpaka mlio huko mtucheke kwanza."

Fundi viatu akaitikia kwa kichwa. Misumari ikalia.

Nikasimama pale na mwiko wangu, kisha, sijui nani aliniagiza, nikaweka mkono kiunoni. Nikapinda gumba la mguu wa kulia. Nikatembea. Natembea ule mwendo wake wa kwenda kusuluhisha ugomvi ambao hakuitwa, bega la kushoto linatangulia kama limepewa taarifa mapema. Nafika katikati ya jukwaa, naangalia ukumbi, nasema kwa sauti yake, "Mkwe halii hivyo."

Mwalimu wa hesabu akatoa mguno. Mmoja nyuma akafunika uso kwa blanketi. Fundi viatu akatema msumari mmoja, halafu yote, na ukumbi mzima ukaanza kutikisika kwa chini, kama sufuria kabla maji hayajachemka. Sijawahi kupata ukumbi mtamu kama ule, na sidhani kama nitaupata tena nikiwa hai. Bibi hacheki bado. Amenyoosha kidole kwangu, machozi yanamtoka, anasubiri zamu yake.

"Hivyo," akasema. "Sasa kawaambie wenzako. Rudieni hapo."

Akapanda jukwaani, akalala kwenye mkeka wake, akajifunika. Nikadhani amemaliza. Ncha ya kanga ikainuka, jicho moja likanitazama.

"Na mwanangu mkubwa mwambie ile suti ilimbana."

Ncha ikashuka. Chini ya kanga nikasikia mashine ikikohoa mara moja, nikainama nisikilize kama itashika, na nilipoinama nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Daftari la Fizikia liko sakafuni, mkono wangu uko kiunoni, na mashavu yananiuma kwa kucheka. Mama alisimama mlangoni na kikombe.

"Unacheka na nani wewe?"

"Na mama mkwe wako," nikamjibu. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaondoka.

Sebuleni Baba Mkubwa alikuwa anakunywa chai kwa viazi vya jana, miwani puani, anasoma ratiba ya arobaini aliyoichapa mwenyewe. Ibada. Neno la shukrani. Chakula. Basi. Miguu ikaniambia nirudi kitandani, maana yule si mtu wa kupelekewa ndoto kabla ya saa moja asubuhi, na aliyenikataza kumgusa mama yake alikuwa ni yeye. Lakini nilikuwa nimetumwa. Na aliyenituma huwa anafufuka usipotii.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba."

Nikamweleza. Sikuongeza chumvi, na kwangu huo ni mzigo mzito. Vichekesho nilivyovifuta, mkeka, lango, Mzee Kihwele na mfuko wake, kicheko kilichokataa kushika. Hakunikatisha. Nilipofika mwisho akavua miwani.

"Alisema neno gani hasa?"

"Rudieni hapo."

Akainamisha kichwa. Amelelewa na neno lile, huyu. Alilisikia akifagia vibaya, akisoma vibaya, akisalimia wageni vibaya. Mama akasimama mlango wa jikoni, hakuingia wala hakuondoka.

"Gauni lake la njano liko kwenye sanduku la chini," Baba Mkubwa akasema mwishoni, bila kunitazama. "Kabla hujaenda shule, lipeleke kwa Kihwele. Mwambie Jumapili aje. Apite lango la mbele." Akachukua kalamu, akaandika jina la mtani kwenye ratiba, juu kabisa, kabla ya ibada. "Na wewe Jumamosi, hivyo ulivyokuwa umevifuta, kaviseme. Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Hm."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Ningeweza kuishia pale, mambo yangu yote yalikuwa yamenyooka. Lakini ujumbe wa Bibi haukatwi katikati, kwa hiyo nikageuka.

"Baba Mkubwa, kulikuwa na kitu kimoja tena. Alisema ile suti ilikubana."

Alinitazama, uso umekaza kama siku ile ya maturubai. Nikaanza kuhesabu hatua za kufika nje. Ndipo bega lake la kushoto likaruka kidogo, na kutoka kifuani kwa yule mzee mstaarabu ikatoka sauti ambayo nyumba yetu haikuisikia kwa siku thelathini na saba. Ilikohoa. Mama akaweka kikombe chini, taratibu. Ikakohoa tena. Sote watatu tukatulia, tukasubiri.

Ikashika.