Mori Yihya Arudi Kufundisha

Baba yangu, Yihya Madhala, alikuwa mori. Ndivyo sisi Wayahudi wa Yemeni tulivyomwita mwalimu wa watoto. Alifundishia nyumbani kwetu, katika mji mdogo wa milimani, lakini kazi iliyotulisha ilikuwa kufuma nguo. Basi yeye alifuma, na wavulana wakakaa chini mbele yake. Torati ilikuwa moja tu. Iliwekwa katikati, wao wakaizunguka, na kila mmoja akajifunza kusoma kutoka upande aliokaa. Wengine walizijua herufi zikiwa kichwa chini, wengine zikiwa zimelala ubavu. Hakuna aliyeona ajabu. Baba hakuwatazama. Akisikia kosa alisema, "Rudi nyuma," na mikono yake ikaendelea na uzi.

Mimi, Badra, nilikuwa bintiye wa pekee. Sikuhesabiwa darasani, ila hakunifukuza.

Mwaka tulioondoka Yemeni, tulitembea hadi Aden tukangoja ndege kambini. Mama alishikwa na homa pale. Alikufa asubuhi, akazikwa kabla ya jua kuzama, na wiki hiyohiyo jina letu likaitwa. Baba alipanda ndege amebeba birika la mama. Hakulia. Nilimngoja alie ili nami nilie, kisha nikaacha kungoja.

Israeli tulipewa hema kwenye kambi ya wahamiaji. Mvua ilikuwa nyingi, tope likaingia mpaka kwenye mikeka. Serikali ilifungua shule katika kibanda cha mabati, akaletwa mwalimu, msichana aliyeitwa Tsipora, mzaliwa wa Poland. Baba alipewa jembe. Kila siku alikwenda mlimani na wanaume wengine kuchimba mashimo ya kupandia miche ya misonobari.

"Mori," Zekharia, jirani yetu tangu Yemeni, alimtania wakiwa njiani kurudi, "shimo lako leo lilikuwa refu. Unamzika nani?"

"Mti," Baba akajibu.

"Uwakusanye vijana wetu jioni basi. Wanaharibika. Mwanangu Yefet ananijibu kama askari."

"Wana shule."

"Shule gani? Wanaimba tu na kupiga makofi."

"Waimbe," Baba alisema, akaingia hemani.

Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo. Alikula nilichompikia, akasali, akalala. Ukimwambia neno alilisikia, lakini ni kama kumgusa mtu mguu ulioingia ganzi.

Siku moja Tsipora alikuja kwetu, viatu vimejaa tope. Nilimpa kahawa ya maganda ya buni, ile yetu yenye tangawizi. Alikunywa yote.

"Mori, nimekuja kwa ajili ya Yefet," alisema. "Anageuza kitabu juu chini. Nilidhani ananidhihaki, nikamtoa nje. Badra ndiye aliyenieleza."

"Alikaa upande huo," Baba alisema.

"Wako sita hivyo. Njoo unisaidie nao, tafadhali."

Baba alitazama mikono yake, akamjibu Tsipora. "Binti yangu, sina kitu cha kuwapa. Ukinigonga, mimi ni debe tupu."

Nilidhani Tsipora atambembeleza. Hakufanya hivyo. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu, "Kabla ya vita mimi nilikuwa na ndugu wanne. Sasa sina. Asubuhi navaa viatu, naenda darasani." Akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Baba hakwenda. Majuma yakapita.

Kisha upepo wa baridi ukang'oa paa la shule. Siku hiyo mvua iliwazuia wanaume kwenda mlimani, Baba alikuwa hemani. Tsipora akaingia na watoto nyuma yake, wa kwetu na wa Iraki na wa Romania, wote wanatiririka maji. Vitabu vilikuwa vimelowa isipokuwa kimoja, alichokificha ndani ya koti. Hakuomba ruhusa. Alikiweka katikati ya mkeka. Watoto wetu wakakizunguka bila kuambiwa, wale wengine wakajibana palipobaki.

"Mimi siwezi kusoma hivi," mtoto mmoja wa Romania alilalamika.

"Utazoea," Yefet akamwambia. "Pinda shingo kama kuku."

Yefet akaanza kusoma. Kwenye mstari wa tatu akaruka neno.

"Rudi nyuma," Baba alisema.

Alikuwa amekaa pembeni, amewapa mgongo. Yefet alirudi, akasoma tena. Waliendelea mpaka mvua ilipokatika.

Jioni nilimuuliza kama amefurahi. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Sikuhisi kitu, Badra. Lakini mtoto alikosea. Ningemwachaje?"

Kesho yake aliporudi kutoka mlimani alinawa miguu, akatandika mkeka nje. Watoto wakaja. Alifanya hivyo kila jioni isipokuwa ya Sabato, hemani, halafu katika nyumba ya matofali tuliyopewa baadaye, muda wote uliobaki wa maisha yake. Watu walisema mori wetu amepona. Mimi niliyeishi naye sijui kama ni kweli. Sikumsikia akiimba tena kama alivyoimba mama alipokuwa hai. Lakini Yefet alikuja kuwa mwalimu wa hesabu, na wanawake wa kambi, walioketi karibu wakichambua dengu, wengi walijua kusoma kabla hawajatambua kwamba wanafundishwa.

Mimi nilisomea ualimu. Siku yangu ya kwanza darasani nilirudi nikamweleza Baba kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuwa wamekula?" aliuliza.

Nikasema sijui.

"Kesho uwaulize kwanza."

Alipofariki, Tsipora alikuja akakaa nasi siku zote saba za msiba. Hakuhutubia. Aliosha vikombe, akavipanga, na wageni wengine walipofika akaviosha tena.