Walivyomuuliza Kwa Nini Amekonda

Habari ya kifo cha jirani yangu ilinifikia asubuhi nikiwa jikoni nachambua mnafu. Mume wake ndiye aliyepiga simu. "Shemeji," akasema, "mwenzako ametuacha. Alfajiri hii, hospitalini." Nikamjibu, "Sawa, shemeji." Basi, hilo tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yatakatika mchana. Nikaweka simu mezani na kuendelea kutoa vijiti kwenye majani. Nilipokuja kutazama, mboga imejaa sufuria kubwa, na nyumbani kwangu tupo mimi na mama yangu mzee tu. Sikulia. Wanaonisoma hapa wiki hadi wiki wanajua kwamba machozi yangu huwa karibu, lakini safari hii yamekataa, na ninaandika haya nikiwa kama mtu aliyelalia mkono wake akaamka umekufa ganzi.

Sitamtaja jina. Alikuwa na duka la vitenge mjini, karibu na soko, na nyumba yake ilikuwa jirani na yangu hapa Engutoto. Alitoka Kilimanjaro akaja Arusha akiwa bibi harusi, akajifunza biashara kwa mume wake anayeuza vipuri vya magari, na Jumapili aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Alikuwa mnene. Unene wenyewe ulimjia taratibu, kama unavyotujia wengi wetu tunaofanya kazi za kukaa. Siku nzima yuko kwenye stuli dukani. Saa nne chai ya maziwa na chapati, mchana chipsi mayai kwa sababu hakuna wa kumwachia duka, mgeni akija inafunguliwa soda, na usiku ndio mlo mkubwa kwa kuwa ndipo familia inapokutana. Mama yake kule kijijini alikula ndizi na nyama kama yeye, lakini yule mama alipanda na kushuka mlima kila siku na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Binti alirithi sahani, mzigo hakuurithi.

Siku moja alipima presha, ikawa juu, na sukari nayo ilikuwa inanyemelea. Daktari, kama alivyonisimulia mwenyewe, hakumpigia kelele. Alimwambia, "Mama, ugonjwa bado haujaingia ndani, lakini uko mlangoni. Dawa ya kwanza ni miguu yako na sahani yako." Jioni hiyo akaja kwangu. Alijua mimi hutembea asubuhi kwa ajili ya mgongo wangu, maana na mimi kazi yangu ni ya kukaa.

"Shikamoo dada. Kesho nakufuata, ila usinikimbize."

Siku ya kwanza tulipofika kwenye mwinuko alishika uzio wa watu, akahema, akaniuliza, "Dada, hiki kilima walikiongeza lini?" Tukacheka mpaka mlinzi wa nyumba ile akatoka kutuangalia. Lakini kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Nyumbani alipunguza mafuta kwenye sufuria, akaacha soda, akawa anabeba chakula chake kwenda dukani: maharage, ndizi za kuchemsha, mboga za majani nyingi, parachichi. Hakujinyima. Alikuwa anakula na kushiba, ila alikula kama mtu anayejua anachokula. Masika yalipoisha alikuwa anapanda ule mwinuko huku anaongea, na mimi ndiye niliyekuwa nahema. Fundi alibana magauni yake. Daktari alipompima tena alimpa mkono wa hongera, na siku hiyo alinipigia simu kutoka hospitali kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

Kisha maneno yakaanza. Dukani wateja waliinama wakamnong'oneza, "Mama, unaumwa?" Kwenye kwaya mwenzake mmoja aliomba wafanye maombi kwa ajili ya wagonjwa, na aliposema "wagonjwa" akamgeukia yeye. Lakini lililomvunja lilitokea kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa upande wa mume aliyekuwa anaolewa. Shangazi wa mume alimshika kiganja cha mkono, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kuku sokoni, akamuuliza mbele ya meza nzima:

"Mwanangu, tuambie ukweli. Ni ule ugonjwa?"

"Hapana, shangazi. Natembea tu asubuhi, na nakula mboga."

"Mboga? Kwani mtoto wetu ameishiwa?"

Watu wakacheka. Mume akaangalia sahani yake. Wakiwa njiani kurudi nyumbani alimwambia mke wake maneno ambayo marehemu alinisimulia asubuhi iliyofuata, tukiwa tunatembea. Alimwambia, "Mke wangu, mimi najua huumwi. Lakini watu wanadhani nimefilisika, au nimekuletea maradhi. Rudisha mwili kidogo."

Nilimwambia asiwasikilize. Nilimkumbusha vipimo vyake, nikamkumbusha alivyofurahi siku ile. Hakubisha. Alisema tu, "Dada, wewe ni mjane, na maneno yako unayaandika gazetini. Mimi naishi na watu." Baada ya hapo kulikuwa na mvua, kisha kulikuwa na mzigo mpya dukani, kisha goti linauma. Nilipopita getini kwake asubuhi alifungua dirisha akanipungia mkono, na mkono mwingine umeshika kikombe. Mwili ukarudi, wote na wa ziada. Na watu walifurahi kwelikweli, hawakuwa na unafiki. "Sasa umekuwa wewe!" walimwambia. "Umenawiri!" Kliniki aliacha kwenda, kwa sababu alijua atakachoambiwa huko. Kiharusi kilimwangusha dukani kwake mchana, mkasi mkononi, mteja akisubiri kukatiwa kitenge. Hakusema neno tena mpaka alipokufa.

Mimi si daktari, na sitaki kumdanganya mtu. Wapo wembamba wanaokufa kwa presha, na wapo wanene wanaozeeka wakaona vitukuu. Siwezi kuapa kwamba angeendelea kutembea angekuwa hai leo. Ninachojua ni kwamba alikuwa ameipata njia yake, ikamfaa, na tukamwaibisha mpaka akaiacha.

Msiba uliwekwa pale nyumbani kwao kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa Kilimanjaro. Tulikuwa uani tunapakua pilau kwa ajili ya waombolezaji. Shangazi yule yule, macho mekundu, maana alimpenda, hilo silikatai, alifuta machozi kwa upindo wa khanga akasema, "Afadhali Mungu amemchukua akiwa na mwili wake. Hakuna atakayesema neno." Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Nikayatazama mafuta yalivyokuwa yanajikusanya pembeni ya wali. Nikasubiri hasira ije. Haikuja. Nikaitua ile sahani, nikaenda kuosha vikombe.

Msafara wa kwenda mazikoni ulipopita pale Maji ya Chai, niliwaona wanawake wakikimbilia mabasi na ndizi zao vichwani, wembamba, wenye nguvu, na ndani ya gari letu mtu mmoja akawaonea huruma: "Maskini, wamechoka." Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Bibi zetu walipomsifu mtu kwa unene walikuwa na sababu. Walishaiona njaa, walishazika watoto, na mwili mkubwa ulimaanisha ghala lina mahindi. Sisi macho yetu bado ni ya wakati wa njaa, lakini miguu yetu ni ya wakati wa bodaboda. Tunaenda hata dukani kwa pikipiki, tunakaa kutwa, tunakaribisha wageni kwa soda, kisha anayejaribu kujiokoa tunamuuliza nani amemroga. Kwetu sisi, kukonda kuna maana mbili tu, ugonjwa au ufukara. Ya tatu, kwamba mtu ameamua kuitunza afya yake, hatujaitengenezea nafasi.

Wiki iliyopita asubuhi niligongewa geti. Alikuwa mume wake, amevaa viatu vya kazini na fulana ya kola.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapana, siingii. Mlikuwa mnapita njia gani?"

Nikachukua mtandio wangu, tukatoka. Tukashika njia ya kwenye ule mwinuko. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, na sikuona uzuri wake. Ni mtu mzito naye, alihema, akafungua kifungo cha shingoni, kisha akasema bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyemwambia arudishe mwili."

"Najua. Aliniambia."

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Hakukukasirikia."

Akatikisa kichwa kama mtu ambaye angependelea jibu lile lingine. Mbele kidogo mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara akamwona, akanyanyua mwiko wake. "Baba, pole sana na msiba. Usijikondeshe na mawazo. Njoo ule."

"Asante, mama," akamjibu. "Nimekula. Natembea tu."

Mama yule akamtazama kwa mashaka, na nikaona swali linamjia mdomoni. Sijui kwa nini, hakuliuliza. Akarudi kwenye mafuta yake.

Nimebaki na hilo, wasomaji wangu, na sina kubwa kuliko hilo. Kila mmoja na ajitazamie sahani yake na miguu yake mapema, kabla ugonjwa haujaingia ndani. Na ukikutana asubuhi na mtu anayetembea, au ukamkuta mezani amejipakulia kidogo, usimpime kwa macho. Msalimie, umwache apite.