Injini Chini ya Kiti

Wingu jeusi latanda, jua nalo linazama;
Kilio kinapopanda, gari nalo limekwama.

Ijumaa, mvua ilinizuia barazani pa duka mjini Kebirigo. Mbele yangu likazima gari lililobeba jeneza. Ndani mlikuwa na dereva na mama wa marehemu tu. Maziko yalipaswa kukamilika kabla ya machweo, Sabato isijaingia.

Injini ya gari hilo imo chini ya kiti cha abiria, hivyo fundi mmoja aliyejikinga mvua pamoja nami akamwomba mama ashuke. Akafunua kiti, akaziba mwanga kwa koti, akaona cheche zikirukia kando.

"Dere, hizi waya za plagi zimepasuka. Zikilowa, moto haufiki."

"Lakini jua likiwaka inaenda poa!"

"Na huku kwetu jioni jua huwaka lini?"

Tatizo linalojificha wakati wa jua hatuliiti tatizo. Tunalipakia, tunaondoka nalo.

Fundi alizipangusa waya hadi injini ikanguruma. "Enda! Ukiondoa mguu kwenye mafuta, itazima tena!"

Dereva akakibwaga kiti, akaenda, wala hakuthubutu kusimama. Mama wa marehemu akabaki amesimama barabarani, angali anakunja mwavuli ili apande.